Magongo yapewe nafasi yake katika kurasa za michezo

Kwa Mhariri,

Mimi ni kinyozi mtaani Ngara, Nairobi, na msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa mwanafunzi. Nakala ninayoinunua alfajiri huwekwa kwenye benchi la wateja, na ifikapo jioni kurasa za michezo, ambazo ndizo zinazogombewa, huwa zimekunjamana na kuraruka pembeni kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Naandika kuhusu kurasa hizo. Humo nasoma habari za soka ya Uingereza kwa mapana na marefu, nasoma za riadha na za raga, nasoma hata tetesi za mchezaji wa Uhispania anayewazia kuhama klabu, lakini mchezo ninaoupenda kuliko yote, mpira wa magongo, huweza kupitiwa na mwezi mzima bila kutajwa hata kwa mstari mmoja.

Ombi langu nalitanguliza ili lisipotee katika maelezo. Kila Jumatatu msimu wa ligi unapoendelea, chapisheni matokeo yote ya Ligi Kuu ya magongo, ya wanaume na ya wanawake, pamoja na msimamo wa jedwali na ratiba ya wiki inayofuata, ikionyesha saa na uwanja. Siombi ukurasa mzima. Naomba pembe moja ya ukurasa, lakini iwe pale kila wiki, ili mtu ajue mahali pa kuitafuta.

Mimi ni shabiki wa Butali Sugar Warriors, wala sioni haja ya kulificha hilo. Kwetu ni Malava, Kaunti ya Kakamega, ambako kiwanda cha sukari cha Butali kiko, na ambako trekta zilizosheheni miwa huziba barabara msimu wa mavuno. Mtu aliyekulia kule haulizwi kwa nini anaishabikia timu ile. Ni timu iliyotoka mashambani ikaja kusimama katikati ya vilabu vya Nairobi vyenye majina makubwa na historia ndefu, na haikuja kushiriki tu, bali ilikuja kutwaa ubingwa. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2010 taji la wanaume lilikuwa likipokezanwa na timu mbili, Butali na Kenya Police, na mechi baina yao ndiyo iliyokuwa ikiamua nani atalala na furaha msimu ule.

Kuhusu Police nitasema ninavyoona, na Waswahili walisema mgala muue na haki umpe. Ni timu yenye nidhamu ya ulinzi kuliko timu yoyote niliyoitazama katika ligi yetu. Wachezaji wake hawachoki. Katika robo ya nne, wapinzani wanapoanza kushika viuno, wao ndio kwanza wanaongeza kasi. Miaka ile Moses Cheplaiti alipokuwa akiongoza safu yao ya mbele, sisi wa Butali tulikuwa tukiiona hatari tangu mpira ukiwa bado katikati ya uwanja. Ziko sauti miongoni mwetu zinazolalamika kwamba timu za vikosi vya serikali huwavuta wachezaji kwa sababu zina ajira ya kudumu. Mimi silalamiki. Kijana wa miaka ishirini na miwili anayecheza magongo nchini humu hana mshahara wa maana kutokana na mchezo, na akipata kazi yenye pensheni huku akiendelea kushika gongo, mzazi gani atamkataza? Ninachotaka ni kuona kampuni nyingine zikifanya hivyo hivyo, ili ligi iwe na timu sita au saba zenye wachezaji wasiowaza nauli ya kufika mazoezini.

Timu yangu nayo ina udhaifu ambao nausema kwa uchungu. Tukitangulia kufunga, tunarudi nyuma mapema mno, na kumkaribisha mpinzani katika nusu yetu ni kumpa kona fupi moja baada ya nyingine. Tena tunapewa kadi ambazo hazikuhitajika. Kadi ya kijani humtoa mchezaji nje kwa dakika mbili, na ya manjano kwa dakika tano au zaidi. Katika mchezo wa robo nne za dakika kumi na tano kila moja, kubaki watu kumi kwa dakika tano dhidi ya Police ni kujitafutia msiba. Constant Wakhura alikuwa na uwezo wa kutuokoa kwa bao ambalo hakuna aliyelitarajia, lakini timu haiwezi kujengwa juu ya kuokolewa.

Nimeitaja kona fupi, na kwa kuwa wengi wa wasomaji hawajawahi kuiona, naomba nieleze, kwa sababu ndiyo inayonirudisha uwanjani kila mara. Mwamuzi anapoitoa, walinzi wanne na kipa wanakwenda nyuma ya mstari wa goli, na wenzao wote wanarudishwa hadi mstari wa kati. Walinzi wale wanavaa barakoa za plastiki ngumu na glavu, wanainama na magongo yao yakiwa yamelazwa chini, na uwanja mzima unanyamaza. Mshambuliaji mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa mwisho, mita kumi kutoka mlingoti, hadi kwa mwenzake anayesubiri nje kidogo ya nusu duara. Huyo anaukomesha palepale, na kabla hujapepesa jicho mwingine ameukokota kwa gongo na kuurusha golini. Mlinzi aliyechomoka mstarini anaukimbilia mpira huo kifua mbele, akijua kwamba ni mgumu na kwamba huenda ukamgonga gotini. Tangu mpira usukumwe hadi ukumbane na ubao wa nyuma ya goli ni sekunde chache tu, na sauti ya ubao ule unapogongwa husikika hadi nje ya ua wa uwanja. Wateja wangu wanaobishana kuhusu Arsenal na Manchester United kuanzia asubuhi hadi jioni, wale niliofaulu kuwapeleka uwanja wa magongo wa City Park hapa Nairobi, walirudi wakiniuliza mechi nyingine ni lini. Nami nilishindwa kuwaonyesha gazetini.

Nasikia pia hoja kwamba magongo ni mchezo wa shule na wa Wahindi, na kwamba Mkenya wa kawaida hana habari nao. Hoja hiyo inanisikitisha, kwa kuwa inafuta kwa neno moja historia ambayo nchi nyingine ingejivunia kila mwaka. Kenya ilicheza magongo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1956 huko Melbourne, kabla hata hatujapata uhuru. Mwaka wa 1964 huko Tokyo ilimaliza ya sita. Mwaka wa 1971, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali ikatolewa na wenyeji Uhispania kwa bao moja bila jibu, kisha ikafungwa na India mabao 2-1 katika muda wa ziada ilipokuwa ikiwania nafasi ya tatu. Tulikuwa wa nne duniani. Nyuma yetu walibaki Ujerumani Magharibi, Uholanzi na Australia, na Ujerumani Magharibi hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata. Ni michezo mingapi mingine inayochezwa na timu kwa mpira ambayo tumewahi kufika hapo?

Wachezaji wengi wa enzi ile walikuwa kweli Wakenya wenye asili ya Punjab na ya Goa. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na akawa nahodha. Surjeet Singh Panesar alicheza nne vilevile. Hilary Fernandes alicheza tatu. Walivaa jezi ya nchi hii, wakauimba wimbo wa nchi hii, na sioni ni vipi ushindi wao ungekuwa wa mtu mwingine yeyote isipokuwa wetu sisi. Katika bustani ya City Park, si mbali na uwanja wa magongo, kuna makaburi ya Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi, watu wawili walioitumikia nchi hii na ambao damu ya Goa ilikuwemo mishipani mwao; hakuna mwenye busara anayesema kwamba wao hawakuwa wetu.

Leo hii, kwa vyovyote vile, hoja ya kwamba mchezo huu ni wa watu wa jamii moja haina msingi hata kidogo. Chukua orodha ya wachezaji wa timu ya taifa, ya wanaume au ya wanawake, uulize walisoma wapi. Utasikia Musingu, utasikia Kamusinga, utasikia St. Anthony's ya Kitale na Shule ya Kakamega. Kwa wasichana utasikia Tigoi ya Vihiga, Sinyolo ya Kisumu na Nyamira ya Siaya. Magongo ya Kenya yanalelewa magharibi mwa nchi, na watoto wa wakulima ndio wanaoyacheza.

Nitataja sababu za kuporomoka kwetu, kwa kuwa naamini gazeti linaloziandika linasaidia kuziondoa. Ya kwanza ni kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Wakenya wengi wa asili ya Asia walihamia Uingereza na Kanada, na wachezaji na makocha wakaondoka pamoja nao. Ya pili ni kususia. Mwaka wa 1976 tuliungana na nchi nyingine za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, na mwaka wa 1980 tukasusia ya Moscow. Uamuzi wa 1976 naukubali kwa moyo wote, maana ulihusu utu wa Mwafrika. Lakini kizazi kizima cha wachezaji kilizeeka bila kuvuka mpaka kwenda Olimpiki. Majirani zetu Tanzania walikwenda Moscow; India, iliyotwaa dhahabu mwaka ule, iliwafunga mabao 18 bila, lakini jina la Tanzania limeandikwa pale, na nawaheshimu kwa hilo.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa bado ipo. Olimpiki ya Montreal ndiyo ya kwanza ambayo magongo yalichezwa juu ya nyasi bandia, na tangu hapo mchezo ukabadilika kabisa. Juu ya nyasi za kawaida mpira hudunda, hugota kwenye kichuguu, hubadili njia. Mchezaji hufundishwa kuweka gongo wima na kuukinga mpira kwa uangalifu, na mwenye chenga hutegemea kumsoma mpinzani. Juu ya nyasi bandia, hasa zilizonyunyiziwa maji, mpira huteleza moja kwa moja kwa kasi kubwa, na mchezaji anaweza kulaza gongo chini kabisa akaukomesha kwa urefu wote wa gongo. Nguvu, mbio na pasi za haraka zikawa ndizo zinazoamua. Ulaya waliutandaza uwanja wa aina hiyo hadi vijijini. Sisi tuliupata City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, tukatwaa dhahabu palepale nyumbani, tukaenda Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, na hatujarudi Olimpiki tena hadi leo. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sisi tulijenga uwanja, tukashinda, kisha tukauacha ukachakaa tukidhani kazi imekwisha.

Angalia maana ya jambo hili kwa mtoto wa Musingu au wa Tigoi. Anajifunza mchezo kwa miaka minne juu ya uwanja wa nyasi na udongo, ambako ng'ombe hupitishwa jioni, anaumudu hadi anakuwa bingwa wa kanda, kisha anakuja Nairobi akiwa na umri wa miaka kumi na tisa na kukuta mchezo mwingine kabisa. Miezi yake ya kwanza ligini ni ya kusahau alichojifunza. Mshindani wake wa Afrika Kusini au wa Misri, nchi ambazo ndizo zimekuwa zikituzuia njia ya Olimpiki, alianza kuugusa uwanja wa nyasi bandia akiwa mdogo zaidi kuliko yeye. Kisha timu zetu zinapofungwa ugenini tunasema hazina ari. Ari wanayo. Wanachokosa ni uwanja mmoja wa kisasa Kakamega au Kisumu, na mwingine Mombasa, ili ligi isiwe ya kusafiri kila mara kuja Nairobi na ili watoto wa shule wauzoee mapema. Serikali za kaunti hujenga viwanja vya soka kila zinapokaribia uchaguzi, na nawaomba waheshimiwa magavana wa magharibi walifikirie hili wanapopanga bajeti zao.

Wanawake wa magongo wanastahili barua yao wenyewe. Timu ya Telkom, iliyoinolewa kwa miaka mingi na kocha Jos Openda, ilitwaa ubingwa wa vilabu barani Afrika mara kadhaa, na ilipopoteza udhamini ikaendelea kucheza kwa jina la Blazers. Naomba ulipime hilo, Mhariri: klabu ya Kenya iliyotawala bara zima, ambayo wateja wangu wengi hawaijui hata kwa jina. Ingekuwa klabu ya soka, picha za wachezaji wake zingechorwa kwenye matatu. Siku hizi nawatazama Blazers wakisumbuliwa na Strathmore Scorpions, nawatazama Lakers wa Kisumu wakifunga safari ndefu kuja kucheza kisha warudi usiku uleule ili wawahi kazini na darasani, na nasema ligi ya wanawake ina ushindani usiopungua ule wa wanaume. Mwaka wa 2022 timu ya taifa ya wanawake ilicheza Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, ikafungwa mabao mengi. Habari ya kufungwa iliandikwa. Safari ya kufuzu na hali walimofanyia mazoezi hazikupata wino wa kutosha, na msomaji akabaki na tarakimu pekee.

Nalisema hili nikiwa mzazi pia. Binti yangu ni kipa katika timu ya shule yake. Kipa wa magongo hawezi kusimama golini bila kofia ngumu yenye kinga ya uso, kinga ya kifua, pedi nene za miguu na viatu maalumu vya kupigia mpira teke, na vifaa hivyo vina bei ambayo mshahara wa kinyozi hauifikii kwa urahisi. Shule ina seti moja tu, ambayo mikanda yake imeshonwa na kushonwa tena, na makipa watatu wanaivaa kwa zamu, mmoja akiivua ikiwa bado imelowa jasho na mwingine akiivaa. Hajawahi kulalamika. Alichoniuliza ni kwa nini anapofungua gazeti hawaoni makipa wa Ligi Kuu anaotaka kuwaiga. Wadhamini hufuata macho ya watu, na macho ya watu hufuata kile kilichoandikwa. Kampuni itakayoombwa kununua seti kumi za makipa itauliza kwanza mchezo huu unaonekana wapi.

Najua gazeti lina gharama zake, na kwamba soka ndiyo inayouza. Mimi mwenyewe huisikiliza soka redioni nikiwa kazini, na siwachukii wanaoipenda. Lakini mwandishi mmoja akifika City Park Jumamosi au Jumapili moja, atazikuta mechi tatu au nne zikichezwa mfululizo uwanja uleule, wanawake wakitangulia na wanaume wakifuata, na ataondoka na habari za kujaza pembe ninayoiomba na nyingine za kuweka akiba. Atamkuta kocha anayejibu maswali bila kumpitisha kwa msemaji. Atawakuta wachezaji waliocheza katika miaka ya 1970 na 1980 wamekaa jukwaani, wazee sasa, ambao kumbukumbu zao hakuna aliyezirekodi, na nawasihi mzirekodi mapema.

Mkikubali ombi hili, naongeza moja. Majina ya wafungaji yaandikwe kamili, na pale inapowezekana shule walikotoka itajwe. Mwalimu aliyemfundisha kijana kushika gongo huko Kimilili au Bondo hana njia nyingine ya kujua kwamba mwanafunzi wake alifunga bao la ushindi dhidi ya klabu ya Sikh Union, na mwanafunzi aliyeko darasa la mwalimu huyo leo anahitaji kulisoma jina hilo lililochapishwa.

Wako,
Mpenzi wa magongo,
Ngara, Nairobi